Nyasi Pori Hazijathibitika Kuwa Kimbilio la Wadudu wa Mpunga wa Bt

Mjadala wa mpunga uliotiwa jeni za Bt, bakteria anayetengeneza sumu ya kuua viwavi, ukifika kwenye usugu wa wadudu, yaani uwezo wao wa kuivumilia sumu hiyo, hatakosekana mtu wa kusema kwamba tatizo hilo limekwisha kupata jawabu. Majaruba yamezungukwa na nyasi pori kwenye matuta, kwenye kingo za mifereji na kwenye vinamasi visivyolimwa. Bungua, yaani viwavi wa nondo wanaotoboa mashina ya mpunga, huonekana pia ndani ya nyasi hizo. Kwa hiyo, hudaiwa, nondo wasiowahi kuonja sumu ya Bt watazaliwa humo kwa wingi, watajamiiana na wale wachache wenye usugu, na mkulima mwenye robo hekta hatalazimika kutenga hata kipande kidogo cha mpunga wa kawaida kama kimbilio, yaani mahali pa kuzaliana wadudu wasio na usugu.

Naelewa kwa nini wasimamizi wa kilimo wanaipenda hoja hii. Haimdai mkulima chochote, haihitaji mkaguzi wala sheria, na inatumia kitu ambacho tayari kipo. Lakini naiona ni hoja ya hatari, kwa sababu inachukua jambo linalopaswa kupimwa na kulifanya msingi wa sera kabla halijapimwa. Msimamo wangu ni huu: katika hesabu za kuzuia usugu, nyasi pori zihesabiwe sifuri mpaka ithibitishwe, kwa kila aina ya bungua na kwa kila eneo, kwamba zinatoa nondo wa kutosha, kwa wakati unaofaa, na wanaojamiiana kweli na nondo wa shambani. Kwa bungua anayeusumbua mpunga wa Asia kuliko wote, ushahidi tulio nao unaelekea upande wa sifuri.

Bt ni kifupi cha Bacillus thuringiensis, bakteria aliyetambuliwa kwanza Japani mwaka 1901 na Ishiwata Shigetane katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa, na baadaye akapewa jina na Ernst Berliner wa Ujerumani kutokana na jimbo la Thuringia. Hutengeneza protini za fuwele zinazoitwa Cry. Kiwavi akizila, huyeyuka katika utumbo wake wenye alikali nyingi, hushikamana na vipokezi maalumu kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Binadamu hana vipokezi hivyo. Wanasayansi walichukua jeni ya protini hiyo wakaipandikiza ndani ya mimea, na tangu mwaka 1996 mahindi na pamba za Bt zimelimwa kibiashara. Mpunga umekwenda polepole zaidi. Iran iliidhinisha aina moja mwaka 2004 kisha ikarudi nyuma. China ilitoa vyeti vya usalama wa kibayolojia mwaka 2009 kwa Huahui 1 na Bt Shanyou 63, zilizotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong mjini Wuhan, ikavihuisha mwaka 2014, lakini haikufungua njia ya kilimo cha kibiashara.

Kuchelewa huko ni nafasi adimu. Kwenye pamba na mahindi, masomo mengi ya usugu yalipatikana baada ya mbegu kuenea. Kwenye mpunga bado tunaweza kujifunza kabla.

Sumu yoyote ikitumika kila mahali bila kupumzika, wadudu wachache wenye mabadiliko ya kijeni yanayowaruhusu kuivumilia ndio wanaobaki kuzaana. Mkakati mkuu wa kuchelewesha hilo kwa mazao ya Bt una nguzo mbili: dozi kubwa na kimbilio. Chukulia kwamba katika nondo wa eneo fulani nakala moja ya jeni kati ya 1,000 ni ya usugu. Kwa kuwa kila nondo hubeba nakala mbili za jeni hiyo, nondo mmoja kati ya 500 hivi atakuwa na nakala moja, lakini mwenye nakala mbili atakuwa mmoja tu kati ya milioni. Mmea ukiwa na sumu nyingi kiasi cha kumuua hata kiwavi mwenye nakala moja, anayesalimika ni yule wa milioni pekee. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba nondo huyo hampati mwenzake wa aina yake. Akizungukwa na nondo wengi waliokulia kwenye mimea isiyo na Bt, atajamiiana na mmoja wao, watoto wao watakuwa na nakala moja moja, na shamba la Bt litawaua.

Jopo la wanasayansi lililolishauri Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, mwaka 1998 liliziwekea nguzo hizo tarakimu. Dozi kubwa ni ile inayozidi mara 25 kiasi kinachohitajika kuwaua wadudu wasio na usugu. Kimbilio linapaswa kutoa wadudu wazima 500 wasio na usugu kwa kila mmoja mwenye usugu atakayetoka kwenye shamba la Bt. Tarakimu hiyo ya 500 ndiyo kipimo changu katika makala hii. Sharti linadai nondo hai, wazima, walioruka na kufika, tena 500 dhidi ya mmoja. Mtu anapotuonyesha nyasi zenye matundu ya viwavi hajatuonyesha hilo.

Wanaotetea nyasi pori mara nyingi hutaja pamba ya China kama ushahidi, na mfano huo una ukweli ndani yake. Kaskazini mwa China hapakuwa na sheria ya kumtaka mkulima atenge pamba ya kawaida. Adui mkuu huko alikuwa Helicoverpa armigera, kiwavi anayekula pamba, mahindi, soya, karanga na mimea mingine mingi. Mazao hayo yote hayakuwa na Bt, wakulima wengi wadogo waliyapanda kwa mchanganyiko, na usugu ulipanda polepole mno kuliko wengi walivyohofia. Marekani nayo ilikubali mwaka 2007 kwamba pamba yenye sumu mbili, katika majimbo ya kusini mashariki, inaweza kutegemea mimea mingine iliyopo kama kimbilio cha asili.

Lakini shuka hadi bonde la mto Yangtze, ndani ya China hiyohiyo. Huko adui alikuwa funza mwekundu, Pectinophora gossypiella, ambaye chakula chake ni pamba, na kando ya pamba hana pengine pa maana. Mahindi na soya havikumsaidia mtu. Dalili za usugu zilianza kuonekana mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Kilichogeuza hali kilitoka ndani ya shamba la pamba lenyewe: wakulima walianza kupanda mbegu za kizazi cha pili cha chotara, ambamo mmea mmoja kati ya minne hauna Bt. Hakuna aliyewaamuru. Walizipanda kwa sababu zilikuwa rahisi. Kimbilio likapatikana katikati ya shamba, katika mmea uleule anaoupenda funza, na usugu ukarudi chini.

India ilikutana na funza huyohuyo na ikapata mwisho tofauti. Pamba ya Bt iliidhinishwa mwaka 2002, na kila pakiti ya gramu 450 za mbegu iliambatana na gramu 120 za mbegu za kawaida za kupanda kama kimbilio. Wakulima wengi hawakuzipanda. Siwalaumu hata kidogo: mtu mwenye ekari mbili anaambiwa apande mistari ya pamba itakayoliwa na funza ili kulinda mali ya wote, na hakuna anayemfidia. Pamba ya Bt ilienea hadi zaidi ya asilimia 90 ya eneo, na funza mwekundu akawa sugu kwa sumu ya kwanza huko Gujarat, kisha kwa mchanganyiko wa sumu mbili.

Ukiiweka mifano hii mitatu sambamba, swali la kuuliza kabla ya lingine lolote linajitokeza: mdudu huyu anakula nini? Mdudu mwenye vyakula vingi hujengewa kimbilio na mazingira. Mdudu wa mmea mmoja hana kimbilio ila mmea huo.

Sasa turudi kwenye jaruba. Bungua wa mpunga ni kundi la nondo wa jamii tofauti, na hapa ndipo hoja ya nyasi pori inapoanza kuyumba. Huko Asia, kuanzia Pakistan hadi Japani, anayeogopwa zaidi ni bungua wa manjano, Scirpophaga incertulas. Kiwavi wake huingia ndani ya shina. Akiingia mapema, chipukizi la katikati hukauka, na akiingia wakati wa kuchanua, suke zima hutoka jeupe na mapepe matupu. Maisha yake yamefungwa kwenye mpunga. Nje ya mpunga unaolimwa, mimea inayoweza kumlea hadi awe nondo ni mpunga mwitu wa jenasi ileile ya Oryza. Kwa tabia yake ya kula, yeye ndiye funza mwekundu wa majaruba.

Bungua mwenye mistari, Chilo suppressalis, ana nafasi pana kidogo. Hula mpunga, lakini pia hupatikana kwenye Zizania latifolia, mmea wa majini wenye shina nene unaolimwa pia kama mboga huko China, na kwenye nyasi nyingine kubwa. Kisha yuko Sesamia inferens, bungua wa rangi ya waridi, ambaye hula mpunga, miwa, ngano, mahindi na nyasi nyingi. Huyu wa mwisho ndiye anayefanana na mdudu wa kaskazini mwa China, na kwake naweza kukubali kwamba mazingira yanaweza kufanya sehemu ya kazi ya kimbilio.

Ugumu ni kwamba hawa watatu wanaweza kuishi katika shamba moja, msimu mmoja. Sera inayosema kwamba nyasi pori ni kimbilio huenda ikawa sahihi kwa yule asiye na madhara makubwa na ikawa kosa zito kwa yule anayemaliza mavuno. Wastani wa wadudu wote hauna maana hapa, kwa sababu usugu hautokei kwa wastani. Hutokea kwa spishi moja moja, na mkulima atakayepoteza mavuno hatafarijika kusikia kwamba spishi nyingine mbili bado zinauawa vizuri.

Tuseme tunazungumzia bungua mwenye mistari, ambaye kweli anaonekana kwenye nyasi. Je, hilo linatosha? Kuna ngazi kadhaa kati ya kuonekana na kuwa kimbilio, na kila ngazi hupunguza idadi.

Ya kwanza ni utambuzi. Viwavi wa mabua wanafanana mno. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba nyasi pori za Afrika ni ghala kubwa la bungua wa mahindi na mtama. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu mjini Nairobi, na wenzao wa taasisi ya IRD ya Ufaransa walipokusanya viwavi kutoka nyasi pori za mashariki mwa Afrika, wakawalea na kuwatambua kwa makini, walikuta kwamba sehemu kubwa ni spishi nyingine kabisa, nyingi zisizogusa mazao. Busseola fusca, adui mkubwa wa mahindi, alikuwa haba sana katika nyasi hizo. Somo hilo lina uzito kwa sababu Busseola fusca ndiye aliyekuwa sugu kwa mahindi ya Bt huko Afrika Kusini, miaka 8 tu baada ya mahindi hayo kuanza kulimwa mwaka 1998. Nyasi pori zilikuwepo kote. Hazikumzuia. Wakulima hawakuwa wakipanda kimbilio ipasavyo, na jeni ya usugu ilibainika kuwa ya aina inayojidhihirisha hata kwa nakala moja, jambo ambalo huvunja nguzo ya dozi kubwa.

Ngazi ya pili ni kunusurika. Nondo kutaga mayai kwenye nyasi si ahadi kwamba mayai hayo yatakuwa nondo. Zeyaur Khan na wenzake wa ICIPE huko Mbita, Kenya, walijenga mfumo mzima wa kudhibiti wadudu juu ya tofauti hiyo: matete ya napieri huvuta nondo wa bungua kutaga, kisha hutoa utomvu wa kunata unaowaua viwavi wengi wachanga. Nchini China, nyasi ya vetiva hupandwa kando ya majaruba kwa sababu hiyohiyo dhidi ya Chilo suppressalis. Nondo huipenda, hutaga mayai mengi juu yake, na viwavi hawafiki mwisho wa makuzi. Kwa kudhibiti wadudu hilo ni jambo zuri sana. Kwa kuzuia usugu ni kinyume cha tunachotaka, maana nyasi hiyo inawaua wadudu wasio na usugu ambao kimbilio linapaswa kuwazalisha. Mtu akiziona nyasi kama hizo zina mayai tele akaziandika kwenye orodha ya makimbilio, atakuwa ameuita mtego nyumba.

Ngazi ya tatu ni hesabu ya mashina. Hapa naomba msomaji anifuate taratibu, kwa tarakimu za kukadiria ili tuone ukubwa wa jambo. Hekta moja ya mpunga wenye mashina 300 kwa mita ya mraba ina mashina milioni 3. Asilimia 5 ya mashina hayo yakiwa na kiwavi mmoja mmoja, hekta hiyo inalea viwavi 150,000. Sasa matuta na kingo zilizoizunguka tuzipe mita za mraba 500 za nyasi zenye msongamano uleule wa mashina, yaani mashina 150,000. Nyasi nyingi za matutani zina mashina membamba kuliko unene wa kiwavi aliyekomaa, na hufyekwa mara kwa mara. Tukiwa wakarimu tukasema shina moja kati ya 100 linafikisha kiwavi hadi kuwa nondo, tunapata nondo 1,500. Eneo lilelile la mita 500 likipandwa mpunga wa kawaida, kwa ile asilimia 5, linapokea viwavi 7,500, na sehemu yao nzuri watakua kwa sababu wako kwenye chakula chao halisi. Unaweza kubadilisha makadirio yangu upendavyo. Ili nyasi zishinde mpunga kwa kuzalisha nondo wa mpunga, lazima ufanye makadirio yasiyo ya kawaida.

Kuna ngazi nyingine mbili ambazo hupuuzwa zaidi, nazo ni wakati na ndoa. Nondo wazima huishi siku chache tu. Ikiwa nyasi zinakomaa na kukauka wiki kadhaa kabla au baada ya mpunga, nondo wa nyasini na wa jarubani hawatakutana, hata wakiwa wametengana kwa hatua kumi. Hata wakitokea wakati mmoja, kujamiiana hakuna uhakika. Kwa Chilo suppressalis imejulikana kwa muda mrefu kwamba walio kwenye mpunga na walio kwenye Zizania hutofautiana kwa ukubwa wa mwili na hujamiiana saa tofauti za usiku. Ni spishi moja kwa jina, lakini makundi mawili yenye mwelekeo wa kuoana ndani kwa ndani. Kimbilio la Zizania, hata lingetoa maelfu ya nondo, lingeweza kuwaacha nondo sugu wa jarubani wakioana wao kwa wao.

Haya yote yanapimika, na ndiyo maana sina subira na sera za kubahatisha. Kuna mbinu nzuri ya kujua nondo alikulia wapi. Mpunga hutumia njia ya usanisinuru iitwayo C3, wakati nyasi nyingi za nchi za joto, mahindi na miwa hutumia njia ya C4, na kila njia huacha uwiano wake wa kaboni 13, aina nzito kidogo ya kaboni, katika tishu. Kiwavi hurithi uwiano wa chakula chake, na unabaki kwenye mabawa ya nondo. Kamata nondo kwa taa au kwa mtego wa harufu ya jike, pima bawa, na utajua kama alilelewa na nyasi za C4 kama Echinochloa. Mbinu hiyo imetumika kwa wadudu wa pamba. Ina kikomo kimoja muhimu kwa mpunga: jamaa wa karibu wa mpunga kama Zizania, Leersia na mpunga mwitu wenyewe ni C3, kwa hiyo kaboni haiwezi kuwatenganisha na mpunga. Kwa hao itabidi kupima tofauti za kijeni au kulea viwavi waliokusanywa moja kwa moja kwenye mmea. Ni kazi ya misimu michache, si ya kizazi kizima.

Mpunga mwitu ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu ndiyo nyasi pekee inayoweza kudai kuwa kimbilio halisi cha bungua wa manjano. Katika Asia, Oryza rufipogon ndiyo asili ya mpunga unaolimwa, na bado inamea kwenye vinamasi na mitaro karibu na mashamba. Ni chakula cha mdudu, ina shina la kufaa, na ipo. Lakini inapokea chavua ya mpunga. Majaribio yaliyofanywa China yamepima uchavushaji kutoka mpunga unaolimwa kwenda Oryza rufipogon ulio jirani kwa kiwango cha kati ya asilimia 1 na 3. Panda mpunga wa Bt karibu na mpunga mwitu, na baada ya misimu kadhaa sehemu ya mpunga mwitu huo itabeba jeni ya Bt, nayo ikiupunguzia mpunga huo viwavi huenda ikaongezeka. Mmea pekee wa porini ulio bora kama kimbilio kwa mdudu mbaya zaidi ndio ulio rahisi zaidi kugeuzwa kuwa shamba jingine la Bt, lisilo na mwenye shamba, na huenda likawa na dozi isiyotabirika. Dozi ndogo humwacha hai kiwavi mwenye nakala moja, naye ndiye anayejenga usugu kwa kasi kubwa.

Kwa hiyo ninapoona ramani inayopaka rangi ya kijani vinamasi vyenye mpunga mwitu na kuviita kimbilio, naona maeneo ambayo yangepaswa kutengwa na mpunga wa Bt kwa umbali, kwa faida ya mpunga mwitu wenyewe na ya usimamizi wa usugu pia.

Nisieleweke kwamba napendekeza nyasi zifyekwe. Matuta yenye nyasi ni makao ya buibui, ya nyenje wanaokula mayai, na ya nyigu wadogo wa Trichogramma na Telenomus wanaotaga ndani ya mayai ya bungua. Hao hupunguza bungua bila kujali kama ana usugu au hana, na msaada wao ni mkubwa mashambani kote. Nyasi zina thamani kamili kwa kazi hiyo. Ninachokataa ni kuzipa sifa ya kazi ya pili ambayo hazijaonyesha kuwa zinaifanya, kwa sababu sifa hiyo ndiyo itakayotumika kuondoa kimbilio cha mpunga.

Badala yake ningependa kimbilio cha mpunga wa kawaida kipangwe kwa skimu ya umwagiliaji au kwa bonde, si kwa mkulima mmoja mmoja. Nondo hawajui mipaka ya mashamba. Mradi kati ya majaruba ya jirani kuna yaliyopandwa aina zisizo na Bt, mkulima wa robo hekta hana sababu ya kugawa shamba lake. Katika sehemu nyingi kimbilio hicho kingekuwepo chenyewe mwanzoni, kwa kuwa si wote watakaonunua mbegu mpya. Hatari huanza pale karibu wote wanapozinunua, kama ilivyokuwa kwa pamba ya India, na hapo ndipo mamlaka inapaswa kuwa tayari na kikomo cha eneo kwa kila bonde, na fidia kwa wanaolima mpunga wa kawaida kwa niaba ya wenzao. Fidia hiyo ni sehemu ya gharama ya teknolojia na inafaa ihesabiwe tangu siku ya kwanza.

Kuchanganya mbegu ndani ya jaruba moja, kama ilivyotokea kwa pamba ya Yangtze, kunavutia kwa urahisi wake, lakini siupendekezi kwa mpunga. Funza mwekundu hukaa ndani ya tumba moja. Bungua wa mpunga huhama: viwavi wachanga hupeperushwa kwa nyuzi zao, na wakubwa hutoka shina moja kwenda jingine. Kiwavi anayenenepa kwenye shina la kawaida kisha akahamia la Bt anakutana na sumu akiwa tayari mkubwa na mwenye nguvu, na nguzo ya dozi kubwa inaporomoka.

Kuhusu jeni yenyewe, Huahui 1 hubeba muunganiko wa Cry1Ab na Cry1Ac, protini mbili zinazofanana sana hivi kwamba mdudu anayeishinda moja kwa kawaida huishinda na ya pili. Wuhan pia imetengeneza mipunga yenye Cry1C na Cry2A, ambazo hushika vipokezi tofauti. Kutoa kwanza mpunga wa sumu moja, kisha miaka mingi baadaye ule wa sumu mbili, ni kumfundisha mdudu hatua kwa hatua. Mpunga wenye sumu mbili zisizofanana utoke kwanza, au usitoke kabisa.

Na upimaji uanze sasa, wakati hakuna mpunga wa Bt unaolimwa kibiashara. Hali ya wadudu kabla ya sumu haiwezi kurudishwa baadaye. Kiwango cha wepesi wa bungua wa manjano kufa kwa Cry, idadi ya nondo wanaotoka kwenye kila aina ya nyasi kwa mita ya mraba, kalenda ya kuruka kwao, na umbali kati ya mpunga mwitu na majaruba: hivi vinahitaji kuandikwa bonde kwa bonde, kuanzia na yale yenye Oryza rufipogon. Pale ambapo vipimo vitaonyesha kwamba nyasi fulani inatoa nondo 500 kwa mmoja, kwa spishi iliyotajwa, nitakuwa wa kwanza kukubali iandikwe kwenye mpango kama kimbilio.